Mlango wa Upande wa Abiria

Foleni ya malipo ilikuwa imefika hadi kwenye rafu za sabuni pale dada mmoja aliposikia, nyuma ya kisogo chake, sauti aliyokuwa akiisikiliza kwenye simu kwa zaidi ya mwezi. Duka lilifurika watu wa Jumamosi, toroli zikigongana, watoto wakilia kwa sababu ya pipi. Sauti ile haikuwa ikisema naye. Ilikuwa ikimuuliza mzee fulani kama anataka maziwa ya boksi au ya chupa. Lakini aliijua. Ilikuwa ya taratibu, ya mtu anayepima neno kabla ya kuliachia, na mara nyingi ilikuwa imempigia kazini kumwambia jambo lile lile: mlango wa gari langu unafunguka wenyewe.

Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko katika kampuni iliyouza na kutengeneza magari ya kale ya kifahari, yale yenye boneti ndefu na viti vya ngozi, magari yaliyomzidi umri. Wenye magari hayo walikuwa na fedha nyingi na subira kidogo. Huyu injini inagonga ikipoa, yule gea zinakwama, mwingine oili imemwagika juu ya marumaru za kibaraza chake na mkewe hasemi naye. Wote walianza kwa matusi na wote walimaliza kwa asante. Wenzake kazini walimwita Asali, na jina likamganda.

Asali akageuka. Akamwona kijana mrefu, mkavu, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama, miwani puani. Kando yake mzee mwenye kofia ya kitambaa aliegemea toroli kama anayeogopa isikimbie. Macho ya mzee yalikuwa na ukungu mweupe.

"Samahani," Asali akasema. "Mlango umeamkaje leo?"

Kijana alibaki na pakti ya chumvi mkononi. Kisha akaijua sauti, na uso wake wote ukabadilika.

"Umeamka salama," akajibu. "Umefunguka mara mbili tu kabla sijafika hapa."

Walicheka hadi mwanamke aliyekuwa mbele yao akawatazama. Ilipofika zamu yao kulipa, Asali alikwishajua kwamba kijana ni daktari wa meno, kwamba mzee yule ni baba yake, na kwamba yeye mwenyewe, siku ile, alitamani angekuwa amevaa gauni lake la bluu na si lile la haradali lililochujuka mabegani. Daktari naye hakuliona hilo la kuchujuka. Aliona shingo ndefu, kilemba cha kijani kilichofungwa haraka haraka, na mdomo uliokuwa ukitabasamu kabla ya maneno.

Nje, Mzee aliingizwa kwenye teksi. Daktari akapanda gari lake peke yake na kuifuata teksi nyuma nyuma. Asali aliona jambo hilo ni la ajabu. Alipouliza siku ya pili kwenye simu, Daktari alisema baba yake halipandi gari lile, na kwamba akimweleza sababu atamcheka.

Simu zikaongezeka. Malalamiko yakawa kisingizio tu. Daktari alipiga saa ya chakula cha mchana, akiwa bado na harufu ya dawa mikononi, akasema ana lalamiko zito dhidi ya kampuni: mpokeaji wao ana sauti inayomsahaulisha alichopigia. Asali alijibu kwamba hitilafu hiyo haina spea. Alimtania: sisi wawili tuna kazi moja, wewe huwaambia watu haitauma, na mimi huwaambia ni jambo dogo. Jioni waliongea tena, mpaka shangazi yake aliyeishi naye akawa anagonga ukuta kumkumbusha kwamba bili ya umeme haijui mapenzi. Daktari akaanza kumwita mpenzi wangu. Asali akamwita daktari wangu, na neno lile dogo la mwisho lilimkaa kinywani siku nzima.

Kidogo kidogo akaijua habari ya gari. Mzee alikuwa dereva wa tajiri mmoja miaka yake yote ya nguvu. Aliendesha gari kama lile, alilisugua, alilijua kuliko alivyowajua wanawe, na hakuwahi kukaa kiti cha nyuma. Kazi yake ilikuwa kuwafungulia wengine mlango. Mwanawe alipopata uwezo, alilitafuta gari la aina ile ile na kulinunua kwa ajili ya kitu kimoja: kumketisha baba yake nyuma na kumzungusha mjini.

"Alipanda?" Asali akauliza.

"Siku moja. Tulipofika kona ya matangi ya maji, akaniinamia akaniuliza kwa heshima kabisa: mwanangu, huyu mama aliyekaa mbele tunamshusha wapi?" Daktari akashusha sauti. "Tulikuwa wawili tu garini."

Asali hakucheka.

Alisema atakuja mwenyewe kukagua, kama mtu wa kampuni. Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kupita, jua limerudi na barabara inatoa mvuke. Gari lilikuwa la rangi ya zambarau iliyoiva, safi mno. Alipoketi kiti cha mbele, mwili wake ulishtuka kabla ya akili. Ngozi ilikuwa na joto, na ilikuwa imebonyea kama kiti ambacho mtu amekiacha sasa hivi. Alijiambia ni jua. Kisha akakumbuka kwamba gari lilikuwa limeegeshwa kivulini.

Walipita mitaa ya maduka, wakapita shule, wakaanza kupanda kuelekea matangi ya maji. Daktari akapunguza mwendo. Kwenye kona, mlango wa upande wa Asali ukafunguka. Haukuruka kama mlango uliokatika kitasa. Ulifunguka polepole, kwa adabu, kama unavyofunguliwa na mtu anayetaka kushuka. Upepo ukaingia pamoja na harufu ya kitambaa kilicholowa. Daktari akafunga breki. Wakabaki wanatazama lami tupu inayong'aa.

Kisha mlango ukajifunga. Kitasa kikalia, tak. Mikono yote miwili ya Asali ilikuwa mapajani mwake.

"Magari haya yana umri," akasema, na akaisikia sauti yake ya kazini ikitoka yenyewe, laini, tamu. "Bawaba hulegea. Ni jambo dogo."

"Usinisemeshe kama mteja," Daktari akasema.

Akamshika mkono. Wote wawili mikono yao ilikuwa baridi.

Kulipokucha, Asali alikwenda karakana ya nyuma kumtafuta fundi bodi, mtu mwenye kifua kipana ambaye hakuwa na mazoea ya kukaa chini mchana. Alipotaja gari la zambarau, fundi akazima mashine yake ya kuchomelea na kukaa juu ya tairi. Alisema alijua kuna siku mtu angemuuliza. Gari lile yeye ndiye aliyetumwa kulivuta pale kwenye kona, baada ya kugonga nguzo. Mwenyewe wa zamani alikuwa na mkewe. Walikuwa wakigombana tangu nyumbani. Mke alitaka kushuka akaomba gari lisimame, mume akakanyaga mafuta, na mke akafungua mlango, akaanguka, asipone.

"Nilimkuta mume ameketi kwenye majani, mvua inamnyeshea," fundi akasema. "Anarudia maneno yale yale. Aliniambia simama. Sikusimama. Aliniambia simama."

Chuma cha gari kilikuwa kimepasuka chini, pale nguzo ya mlango inaposhikana na fremu. Fundi alimwambia bosi kwamba gari hilo halifai tena, likatwe. Bosi akamwambia achomelee, azibe nyufa, apake rangi. Ndiyo maana kwenye kona fremu inajipinda na kitasa kinaachia. Kufunguka kwa mlango, fundi alikuwa na maelezo yake. Kujifunga, hapana. Aliongeza kwamba halikuwa gari pekee lililotengenezwa hivyo, ila ndilo pekee alilokataa kulikaribia tena.

Asali akaenda ofisini kwa bosi. Bosi alikuwa mtu wa suti nyepesi na marashi mazito. Hakukana. Alimwomba afunge mlango, akamwambia muda wa dhamana ya gari lile umekaribia kwisha, na kazi yake ni moja tu, kumlainisha mteja mpaka hapo.

"Funika kombe mwanaharamu apite," akamwambia. "Na nasikia huyu mteja unamlainisha vizuri kuliko wote."

Alitoka pale masikio yakimwaka moto. Angepaswa kumpigia Daktari saa ile ile. Alishika simu, akaiweka. Alifikiria mshahara ambao nusu yake ulikuwa dawa za shangazi. Lakini lililomziba mdomo hasa halikuwa mshahara. Alijua Daktari akisikia habari hii atarudi nyuma kulipima upya kila neno tamu alilowahi kuambiwa. Jioni simu ikalia, na Daktari alikuwa na furaha ya mtoto. Baba amekubali. Amesema ameota, na kesho Jumapili atapanda, tena mbele, ili kile kiti kisikae na mgeni, nao watakwenda polepole.

"Mpenzi, uko?" Daktari akauliza.

"Nipo."

"Mbona kimya?"

Akaihamishia simu kwenye sikio la pili.

"Msiende mbali," akasema. "Na msipite matangi ya maji."

Hawakupita matangi ya maji. Mlango ulifunguka barabara ya sokoni, kwenye kona ndogo tu, mchana kweupe. Mzee akatoka nao.

Asali alipofika hospitali, alimkuta Daktari kwenye benchi la korido, shati lake jeupe lina vumbi na damu kidogo kwenye kikwapa. Mzee amevunjika nyonga. Yuko hai. Madaktari walishangaa kwamba kichwa hakikuguswa. Asali alisogea amshike bega, naye akainua uso.

"Uliniambia tusiende mbali," Daktari akasema. "Kwa nini?"

Asali hakuweza kudanganya tena.

"Ulijua?"

"Nilijua. Tangu jana asubuhi."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Alisema kwa sauti ile ile ya kupima kwamba sasa ameelewa. Mara hii yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa wa meno, amepigwa ganzi, na hakujua hata ni nini kinang'olewa. Asali alitaka kusema si hivyo, kwamba mapenzi hayakuwa sehemu ya kazi. Lakini alisikia sauti yake ikianza kulainika, akajichukia, akaikatiza. Daktari akaondoka kwenda kumwona baba yake. Mlango wa wodi ukafungwa.

Baada ya hapo simu ya Daktari haikupokelewa. Asali alipiga moyo konde. Jumatatu alikwenda kazini mapema, akaketi kwenye meza yake, na badala ya kungoja malalamiko akaanza kuwapigia wateja yeye. Fundi bodi alisimama kando, mikono nyuma, akimtajia magari yaliyochomelewa. Asali aliwaambia wenyewe bila kupamba: gari lako lilipata ajali kabla hujalinunua, fremu yake si salama, usiliendeshe, na mimi ni mmoja wa waliokuwa wakikutuliza. Wengine walimtukana, na mara hii hakuna aliyemaliza kwa asante. Alikuwa amebakiza mmoja bosi alipoingia na kung'oa waya wa simu ukutani. Huyo wa mwisho alimpigia kwa simu yake mwenyewe, akiwa nje kwenye ngazi, na mkoba wake kwapani.

Kelele zilizofuata zilimfanya bosi arudishe fedha za watu haraka kuliko alivyozipokea. Asali hakuwa tena na kazi. Alianza kwenda hospitali saa ambazo Daktari alikuwa kliniki kwake. Alimnyoa Mzee ndevu, akamsomea magazeti, akasikiliza kesi zake dhidi ya uji wa wodini. Siku moja Mzee akamwambia aweke gazeti chini.

"Watu wanasema nilianguka," akasema. "Binti yangu, sikuanguka. Nilishikwa. Mkono wa mwanamke, umelowa, ukanishika hapa kwenye kwapa, ukanilaza chini taratibu. Nyonga ni uzee wangu mwenyewe. Kichwa changu kingepasuka kama nazi."

Asali akamsimulia yote aliyoyasikia kwa fundi bodi, ugomvi, mvua, mume kwenye majani. Mzee alifumba macho yake yenye ukungu.

"Basi yule hana ubaya na mtu," Mzee akasema mwishowe. "Aliomba kushuka. Hakushushwa. Mimi nimeendesha watu walevi, watu wenye kiburi, watu walionitukana mimi na mama yangu. Lakini abiria akisema simama, nilisimama. Nipe hiyo simu."

Hivyo ndivyo Daktari na Asali walivyojikuta tena garini pamoja, kwa amri ya mgonjwa. Gari lilikuwa linapelekwa yadi ya vyuma vikuukuu likakatwe, na Mzee alitaka lipite matangi ya maji kwanza. Daktari hakutaka, lakini hakuwa amewahi kumkatalia baba yake. Asali alipanda nyuma. Kiti cha mbele kiliachwa. Hawakusalimiana zaidi ya habari na nzuri. Alivaa suruali nyeusi na blauzi isiyo na urembo, nywele wazi, na Daktari alimtazama mara moja tu kwenye kioo.

Walikwenda mwendo wa mtu anayetembea, magari mengine yakiwapita na kupiga honi. Asubuhi ilikuwa na jua kali, mbingu haina wingu hata moja, na bado kioo cha upande wa abiria kilikuwa kimeanza kuingia mvuke kwa ndani. Harufu ya nguo mbichi ikajaa. Asali aliona ngozi ya kiti kile imebonyea. Alipotazama vizuri aliona pia mikunjo midogo ya ngozi ikisogea, kama mtu anayejiweka sawa kwa sababu amekaribia anakokwenda.

Kwenye kona Asali alisema, "Simama."

Daktari akasimama. Injini ikatulia. Mlango haukufunguka.

Walingoja. Kwa miezi yote ile mlango ulikuwa umefunguka wenyewe mahali hapa, na leo, gari likiwa limesimama, ulibaki umefungwa. Tone la maji likateremka kwenye kioo. Asali aliogopa, na pamoja na hofu akamwonea huruma.

"Nadhani hataki kuufungua tena mwenyewe," akasema polepole.

Daktari aliuachia usukani. Kisha akashuka. Akazunguka mbele ya boneti ndefu kwa hatua zisizo na haraka, mgongo umenyooka, jinsi alivyomwona baba yake akizunguka utotoni mwake. Akashika mkono wa mlango wa upande wa abiria, akaufungua wote, akasimama kando na kuinamisha kichwa.

"Tumefika, mama," akasema. "Pole sana. Shuka taratibu."

Springi zikalia. Asali, kutoka nyuma, alikiona kiti kikiinuka, kidogo kidogo, mpaka ngozi ikanyooka kabisa. Baridi ikapita mbele ya Daktari. Kitu kilicholowa kikamgusa kifundo cha mkono, kwa wepesi, kama mtu anayeshika akishuka, kisha kikaachia. Majani kando ya barabara yakainama sehemu moja, hatua baada ya hatua, kuelekea mteremko wa nyumba za chini. Hapakuwa na upepo.

Daktari alisimama pale mpaka majani yalipotulia. Ndipo akaufunga mlango, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Aliporudi kwenye usukani alikuwa analia bila sauti. Kioo cha upande ule kilikuwa kimekauka.

Yadini hawakungoja kuona gari likikatwa. Walitoka kwa miguu, kwenye barabara ya vumbi yenye maduka ya matairi, kila mmoja upande wake. Walikwenda hivyo mwendo mrefu.

"Sijakusamehe," Daktari akasema.

"Najua."

"Nilisikia habari za zile simu ulizopiga. Mmoja wa wale wateja ni mgonjwa wangu. Alisema mwanamke fulani alimpigia, hana adabu hata kidogo, na pengine amemwokolea watoto wake." Akatembea kidogo. "Ningetaka kuamini kwamba huyo ndiye niliyempenda. Sijui bado."

Asali alisema hawezi kumsaidia hapo, maana hata yeye ndiyo kwanza anamfahamu mwanamke huyo. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali, kitu kama tabasamu kilipita usoni kwa Daktari, kikaondoka.

"Baba anatoka hospitali kesho," akasema. "Njoo nyumbani. Amekuulizia."

Asali akasimama katikati ya barabara, jua likimpiga usoni.

"Baba ndiye anayetaka nije, au wewe?"

Lori likapita, likawafunika vumbi. Daktari alingoja vumbi litue, akalipima neno lake kama kawaida yake, kisha akaliacha litoke.

"Mimi."

"Nitakuja," Asali akasema, na sauti yake ilitoka nzito, imekwaruza, haina hata chembe ya sukari. Daktari akavuka kuja upande wake, akapunguza mwendo ili walingane hatua.